Farasi Juu ya Ghala la Buotur

Kwa miaka thelathini na mmoja Buotur aliwapasha watu joto. Alikuwa mchochea makaa katika nyumba ya tanuri inayopeleka maji ya moto kwenye mabomba ya kijiji kizima, na Januari moja tu ya usingizi mzito kwake ingetosha kutugandisha sote kama samaki. Lakini ukimsifia kazi hiyo alikuwa akipunga mkono kama anayefukuza mbu. Alichojivunia yeye ni baridi.

Nyuma ya nyumba yake, kwenye uwanda ulioinuka kidogo juu ya mto, palikuwa na ghala la barafu alilolichimba baba yake kwa shoka na moto, mita saba kwenda chini, ndani ya ardhi ambayo haikuwahi kuyeyuka tangu enzi za mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya. Kwetu Yakutia, huko Siberia, kila nyumba ina shimo la namna hiyo, au ilikuwa nalo. La Buotur lilikuwa na ngazi ya vipandio ishirini na viwili, na kuta zake zilimeta kana kwamba mtu alizipaka sukari. Ukimtembelea Julai, alikushusha humo ukiwa na shati lako jepesi, akangoja mpaka meno yako yaanze kugongana, kisha akakuuliza kwa upole, "Vipi, unasikia joto?"

Familia saba ziliweka nyama zao humo. Hakuna aliyemwomba awe mlinzi wa nyama za watu. Alijiteua, na sisi tukamwachia, kwa sababu mwanamume aliyestaafu akikosa kitu cha kulinda huanza kumlinda mkewe, na Ogdo, mkewe, hakuwa mtu wa kulindwa.

Kisha wakaja wanyama. Hifadhi iliyoanzishwa ng'ambo ya mto ilileta kwa meli ya mizigo farasi thelathini wa kuishi porini na baisani wanane, wale ng'ombe-mwitu wenye nundu na ndevu, ikawaachia watembee watakako, hata kuvuka kuja upande wetu. Aliyetumwa kutueleza alikuwa Nariyana, binti wa dada yake Buotur, aliyekwenda kusoma mjini akarudi na daftari na fimbo ndefu ya chuma ya kupimia ardhi.

"Zamani nchi hii ilikuwa majani na kwato," alisema mkutanoni. "Theluji ikilala bila kuguswa, baridi haifiki chini. Wanyama wakiifukua na kuikanyaga, baridi inazama, ardhi inabaki imeganda. Ikiyeyuka, mizizi na mifupa iliyolala humo maelfu ya miaka itaoza, na hewa itakayotoka itazidi kuipasha dunia joto. Si kwetu sisi tu. Dunia yote."

Buotur akasimama. "Mwanangu, mimi nimefanya kazi ya joto maisha yangu yote. Sijawahi kuona tanuri linalozimwa kwa kwato."

Tulicheka sana. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomharibu. Mtu akishachekesha ukumbi mzima, ni vigumu kwake kurudi nyumbani akafikiri.

Alijenga uzio. Miezi miwili alikata magogo ya msonobari na kuzungushia ghala lake, hatua mia kila upande, ili kwato za wageni zisije zikapasua dari la shimo la baba yake. Alipomaliza, hata sungura alionekana kama anaomba ruhusa. Farasi wakisogea, alitoka mbio akipiga sufuria kwa mwiko, kofia upande, akiwatukana kwa majina ya watu tunaowajua.

Majira mawili ya baridi yakapita hivyo. Ndani ya uzio theluji ililala nyeupe, laini, hadi kiunoni, bila unyayo wowote. Buotur aliufungua mlango wa ghala siku za baridi kali ili baridi iingie, kama ilivyo desturi, kisha alisimama dirishani na kikombe cha chai ya maziwa akitazama uwanda wake.

"Tazama blanketi la ghala langu," alimwambia Ogdo.

Ogdo alikuwa ametoka kumsaidia kurundika theluji kwenye kuta za nyumba, kama tufanyavyo sote, ili upepo usipenye.

"Mzee wangu, sisi unatufunika theluji tupate joto. Nyama unaifunika theluji ipate baridi. Theluji inajuaje ipi ni ipi?"

"Theluji si mjinga kama wewe."

"Haya. Tumebaki wawili wa kuchagua mjinga ni nani."

Juni ya pili, siku kumi kabla ya sikukuu ya kiangazi, Buotur alishuka kukagua nyama. Kwenye kipandio cha kumi na nane buti lake likaingia majini.

Akainua macho. Dari lilikuwa likidondosha matone. Kipande cha ukuta kilikuwa kimemeguka, na mahali kilipomeguka mizizi myeusi ilining'inia, na palikuwa na harufu ya kinamasi, harufu ya kitu kilicholala muda mrefu kikaamshwa kabla ya wakati wake. Akapanda, akafunga mlango. Kwa siku nne alishuka na ndoo wakati Ogdo anakamua ng'ombe, akachota maji na kuyamwaga nyuma ya uzio, kama mwizi anayejiibia mwenyewe.

Siku ya tano akaja Dyogor, jirani yake, kuchukua mbavu zake za farasi kwa ajili ya wageni. Alimkuta Buotur amekaa juu ya mlango wa ghala.

"Ghala limepumzika," Buotur alisema.

"Limepumzika na nini?"

"Halifunguliwi wiki hii. Joto litaingia."

"Jirani, miaka yote hii unanishusha humo bila kuombwa. Mwaka juzi ulimshusha mke wangu akiwa na mafua. Leo mbavu zangu ndizo zitakazoingiza joto?"

"Wape wageni samaki."

"Samaki, kwenye sikukuu! Inuka."

"Siinuki."

Ogdo alikuwa amefika, mikono ikinuka maziwa. "Inuka, mzee wangu," alisema. "Tangu Jumatatu naanika suruali yako jikoni. Nilidhani ni uzee umekushika ghafla, nikakuhurumia, nikanyamaza. Lakini uzee hauna matope."

Akainuka. Dyogor alishuka, akapanda, na hakucheka. Hilo lilimuuma Buotur kuliko kicheko.

Familia saba zilitoa nyama zao mchana ule. Iliyopona ilikwenda kwenye mafriza ya watu. Iliyobaki, karibu theluthi, ililiwa na mbwa, na mbwa peke yao ndio walioifurahia kweli sikukuu ya mwaka ule. Kisha akaja mwenyekiti wa kijiji, akachungulia, akasema shimo lijazwe udongo kabla ya theluji, maana siku moja litamfukia mtu.

"Nipe msimu mmoja wa baridi," Buotur alimwambia.

"Ufanye nini ambacho hukukifanya?"

Mwenyekiti akampa wiki moja ya kutafuta jibu.

Kesho yake Nariyana alikuja na fimbo yake. Hakusema nilikwambia, na hilo nampa heshima, kwa sababu mimi ningesema. Nje ya uzio, mahali ambapo wanyama walikuwa wamechimbachimba theluji majira yote mawili, alisukuma chuma ardhini: kikazama mpaka kwenye goti, kikagonga barafu. Ndani ya uzio kikazama mpaka kiunoni, kikaendelea.

"Huku umesukuma kwa nguvu," Buotur alisema.

"Shika mwenyewe, mjomba."

Akashika. Alichoma ardhi mahali ishirini na kitu, ndani na nje, mbu wakimnyonya shingoni, mpaka akachoka akaketi kwenye gogo la uzio wake.

"Baba hakufanya lolote," alisema. "Hakukwangua theluji. Hakuweka dawa. Na halikuyeyuka hata siku moja."

"Na farasi wa lile shamba la ushirika la zamani," Nariyana aliuliza, "walikuwa wanapitisha wapi majira ya baridi?"

Alijua kuliko sisi sote, kwa kuwa utotoni yeye ndiye aliyekuwa akiwachunga. Mia mbili, pale pale, juu ya kichwa cha ghala, wakifukua theluji kwa kwato kutafuta majani makavu. Shamba lilipovunjwa tuligawana farasi, tukawauza, tukawala. Tulibaki na shimo, tukadhani tumebaki na baridi.

Alibomoa uzio mwenyewe, na magogo yakawa kuni. Mwenyekiti alipoona hivyo akakubali: msimu mmoja, si zaidi.

Lakini farasi hawakuja. Walikuwa na kumbukumbu nzuri ya ile sufuria. Oktoba ikapita, theluji ikaanguka mpaka kwenye goti, wao wakabaki kando ya mto wakitazama upande mwingine. Ukipita njia ile siku za Novemba, kwenye baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri, ungemwona Buotur amesimama katikati ya uwanda na mzigo wa majani makavu, akiwaita kwa mluzi mrefu wa baba yake, ndevu zimeganda.

"Wanasemaje?" Ogdo alimuuliza akiingia.

"Wanafikiria."

Dyogor alimshauri awaandikie barua ya kuomba radhi, na asisahau kumtaja kila mmoja kwa jina alilomtukania.

Wa kwanza kuja alikuwa farasi jike mzee, kope zake nyeupe kwa umande ulioganda. Alikula majani ya Buotur, kisha, kama mtu aliyeingia nyumba yake ya zamani, akaanza kuchimba. Kufikia mwaka mpya walikuwa kumi na tisa, na baisani nyuma yao, wakifagia theluji kwa vichwa vyao vikubwa. Blanketi lile safi likawa matope ya theluji, mashimo na mavi. Buotur aliliangalia kutoka dirishani kwa uso wa mtu anayetazama wageni wakivunja vyombo, na hakutoka.

Juni walishuka wanne: mwenyekiti, Nariyana, Dyogor na mwenye ghala. Sisi tulibaki juu tukisikiliza. Sakafu ilikuwa imeganda. Kona ya kaskazini palibaki unyevu, upana wa meza, na ufa mmoja ukutani.

"Msimu mmoja hautoshi, mjomba," Nariyana alisema. "Na farasi thelathini hawaitoshi Siberia."

"Nani kakuomba Siberia? Mimi naomba hii kona."

Mwenyekiti alikwaruza ukuta kwa kucha, akafikiri. Akampa msimu mwingine, kwa sharti kwamba asimshawishi mtu yeyote kuweka nyama humo. Anayetaka aweke kwa hiari yake.

Walipopanda juu kila mmoja wetu alikuwa akitazama viatu vyake. Buotur alitutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kufunga mlango taratibu sana, kama mtu asiyengoja chochote.

"Ngoja," alisema Dyogor. Akaenda kwake, akarudi na paja la farasi begani, akihema. "Nyumbani sina nafasi," alisema, na sote tulijua anayo.

Buotur hakumshukuru. Alitangulia kushuka, mkono ukishika ukuta.

"Shika ngazi vizuri," sauti yake ikatoka shimoni, na majivuno yote ya zamani yalikuwa yamerudi ndani yake. "Huku chini barafu inateleza."