Jina la Manowari

Mzee Tana wa Matinyani aliogopa maji, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyekula jasho lake kwa kujenga mabwawa ya mchanga, kuta za kunasa mchanga na maji ya mvua. Alipanga mawe na kukoroga saruji kwenye mito mikavu ya Kitui, lakini wingu likitanda tu huko vilimani, yeye ndiye wa kwanza kupanda ukingo. Vijana wa kazi walipomcheka, alisingizia goti.

Watu walidhani amepewa jina la mto. Kumbe ni jina la manowari. Marehemu baba yake alikuwa mtia makaa kwenye meli hiyo wakati wa vita vya pili vya Mjerumani. Aliporudi nyumbani alimpa jina hilo mtoto aliyezaliwa mwaka uliofuata, na ukoo mzima ukashangaa. Kuhusu meli yenyewe hakusema lolote. Ila siku moja, Tana akiwa bado mtoto, homa ilimpanda baba yake, naye akamsikia akilia, "Tulimwacha Mbithi ndani!"

Maneno hayo yalimkaa rohoni kama mwiba uliovunjikia unyayoni. Kwao, jina la aliyepotea vibaya hapewi mtoto, lisije likamvuta. Je, yeye alikuwa amebeba jina la kaburi? Hakumuuliza mtu. Kuuliza ni kujibiwa, na jibu ndilo aliloliogopa.

Sasa Nyamai, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa amepata mvulana baada ya kungoja sana. Mvulana wa kwanza hubeba jina la babu. Hilo halina mjadala. Mtoto akaletwa, vigelegele vikapigwa, na bibi yake, Kathini, akamwita mumewe aje ambariki mjukuu.

"Ngojeni kidogo," alisema mzee.

"Tungoje nini, Baba Nyamai? Mtoto ako hapa, wewe uko hapa."

"Nimesema ngojeni."

Mama mtoto aliinamisha kichwa, machozi yakamlengalenga. Babu akizuia jina lake, nani asiyejua maana yake? Ni kama amemkataa mtoto mbele ya watu. Mzee aliliona hilo na likamkata maini, lakini akatoka nje na simu yake mkononi. Kwa ajili ya mjukuu alikuwa hatimaye amethubutu kuuliza: alimtuma binti yake Mutanu, anayefanya kazi Mombasa, kwa baharia mmoja mstaafu anayejua habari za meli za zamani.

Simu ikalia, akaipokea.

"Baba, hiyo meli ilizama," Mutanu alisema. "Iligonga bomu la baharini. Watu wakatolewa na mashua, lakini mmoja alibaki chini akipiga pampu, ndio isizame haraka. Huyo hakutoka."

"Mbithi," mzee alisema.

"Eh! Umejuaje?"

Akakata simu. Akaketi juu ya jiwe. Kathini alimkuta hapo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao mzee akamweleza yote: homa ya baba, meli iliyozama na Mbithi, mawingu, lile goti la uongo.

Kathini alisikiliza, kisha akachemka. "Sasa umenificha hii maneno miaka yote? Aiya! Baba yako alikuwa ndani ya hiyo meli?"

"Alikuwa."

"Akatoka?"

"Alitoka."

"Ndiyo akakuzaa. Yeye alijua imezama, na bado akakupatia hilo jina. Alikuwa mjinga?"

Kathini akamshika mkono, akamwinua.

"Kama unaogopa, ogopa. Lakini mtoto hatakaa bila jina sababu ya woga wako."

Wakaingia ndani. Mzee alimpokea mtoto, mwepesi kuliko kofia, akamfunua kifua. Baraka ni mate: babu humtemea mjukuu kidogo kifuani huku akilitaja jina. Akakunja mdomo akitafuta mate. Hakuna kitu. Woga ulikuwa umemkausha ulimi hadi kooni. Akajaribu tena, na watu wote wakimtazama, mama mtoto akiwa ameziba uso kwa leso. Kathini akachota kikombe kimoja kutoka kwenye mtungi, maji ya bwawa ambalo mzee mwenyewe alilijenga.

"Kunywa," alisema.

Mzee aliyatazama yale maji kwa muda. Akayanywa yote.

"Tana," akasema, na kumtemea.