Maua Yasiyopenda Kuhurumiwa

Mama Makopo alikuwa mfagiaji wa zahanati, na kwa miaka kumi na mmoja adui yake alikuwa mmoja tu: vumbi la uwanja wa mbele. Alilifagia alfajiri, na saa nne lilikuwa limerudi sakafuni, kwenye mabenchi, hata kwenye mizani ya watoto wachanga. Nyasi zilipandwa pale mara tatu, zikafa mara tatu, maana maji ya bomba yalikuwa ya mgawo. Mwishowe daktari mkuu akachoka, akatangaza kwamba uwanja utamwagwa zege.

Mama Makopo akashika kichwa. Zege la mchana ni jiko, na wanaokaa pale kungoja ni wagonjwa. Akamfuata daktari ofisini, ufagio mkononi, akaomba apande vichaka vya manjano.

"Vichaka gani tena?"

"Vile vya kituo cha mafuta, daktari. Vinachanua kama vializeti, na sijawahi kuona mtu akivimwagilia."

"Haya. Nakupa mpaka mwisho wa kiangazi. Nikikuta vijiti, usije kunililia."

Aliokota vichwa vya maua makavu pale kituoni, akavipekecha viganjani mpaka mbegu zikatoka, nyepesi kama pumba. Alipiga chafya moja tu, robo ya mbegu ikaingia mitini. Zilizobaki alizifukia chini kama anayepanda maharage, kwenye makopo ya maziwa na ya rangi aliyoyatoboa kwa msumari, ndiyo maana akaitwa Mama Makopo. Wiki tatu, kimya. Alirudi kituoni kuchungulia, akaona miche imejiotea chini ya vichaka, mbegu zilipodondoka zenyewe juu ya mchanga. Basi safari ya pili aliokota mbegu nyingine, akazimwaga juu juu, akazigandamiza kwa kidole gumba. Siku ya kumi zikaota, naye akacheka peke yake uani kwake.

Makopo sitini yalijaza ua mzima. Mengine kumi na manne yalikosa nafasi, akayapandisha juu ya bati la bafu, akawa anayapa maji pale tu anapojisikia kupanda ngazi.

Sasa, mumewe. Mzee huyu alikuwa fundi bomba mstaafu, miaka arobaini akipeleka maji majumbani mwa watu. Nyumbani kwake mgeni hajakaa vizuri, glasi ya maji imeshafika. Hakuweza kuvumilia kuona kitu chenye kiu.

Mwezi wa pili, miche ya uani ikaanza kulegea na kuwa laini shinani kama mboga iliyochemshwa. Mama Makopo akaiongezea maji. Ikazidi. Usingizi ukampaa, maana kiangazi kilikuwa kinayoyoma. Asubuhi moja alirudi njiani kufuata miwani, akamkuta mzee ameinama na jagi.

"Kunyweni, wanangu," anainong'oneza miche. "Mama yenu mchoyo."

"Baba watoto!"

Jagi likaanguka. Mzee akamwaga mtama wote: kila asubuhi, tangu ilipoota.

"Na mimi kila jioni!" mke akafoka. "Tumeizamisha!"

Aling'oa sitini yote, machozi yakimtoka. Ndipo akainua macho, akaona majani madogo ya kijivu yanachungulia ukingoni mwa bati la bafu. Kumi na minne, mikavu, imara, haina habari.

"Huko juu hukufika?"

"Nifike na magoti haya?"

"Mungu ayabariki magoti yako mabovu," akasema, na hasira yote ikamwishia kwa kicheko.

Waliichanganyia udongo na kokoto, wakaipanda mbali mbali uwanjani. Mwanzoni waliipa maji ya kutosha, kisha mara moja kwa wiki, kisha kidogo zaidi ya hapo. Wiki ya mwisho jua likawaka kwelikweli, majani yakalala. Mzee alisimama pembeni, mikono nyuma, anameza mate.

"Kikombe kimoja tu, mke wangu."

"Hata kijiko." Lakini naye moyo ulikuwa unamwenda mbio.

Asubuhi majani yalikuwa yamesimama. Daktari alikuja siku aliyosema, akazunguka vichaka vyote kumi na vinne, akainamia kimoja chenye ua la kwanza, dogo kama kifungo cha shati. Zege halikutajwa tena. Mama Makopo aliingia stoo ya mifagio, akafunga mlango, akacheza.

Mzee amepewa siku yake: Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wakati wa ukame, kopo moja kwa kila kichaka. Mara ya kwanza alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Alimwagilia polepole, kimoja baada ya kingine. Alipofika cha kumi na nne alipima udongo kwa kidole, akafikiri, kisha akamrudishia mkewe kopo likiwa bado nusu.

"Hiki hakina kiu," akasema.