Kasha la Gatongora

Kompyuta niliyoiunda mwenyewe iliishi uchi juu ya meza ya sebule. Bodi ililala juu ya katoni, kadi ya picha imechomekwa juu yake, feni zikizunguka mbele ya macho ya kila mtu. Nilikuwa nahariri video za harusi nayo, na kila nilipopiga chafya niligeuka kuitazama kama iko salama. Kasha la kuifungia ndani nililiacha la mwisho nikidhani ndilo rahisi kupata, pesa nyingi zikaishia kwenye vya ndani.

Kisha dadangu, ambaye tunaishi pamoja Kiganjo, akaniambia wageni wa mahari yake wanakuja Jumamosi.

“Hiyo meza naihitaji,” alisema. “Sitaki shosho wa wenyewe, nyanya mzee hivyo, amwage chai hapo apigwe na stima.”

Nikakata kipande cha katoni chenye urefu wa kadi ya picha kiwe kipimo, nikaingia Thika mjini. Makasha ya bei yangu yalikuwa na kioo mbele na taa za rangi, lakini hayakuwa na pa kupitishia hewa. Moja lilikuwa na wavu mzuri, ila lilikuwa fupi. Kipande changu kilijikunja ndani yake.

“Si ukate hiyo chuma kidogo tu?” muuzaji akaniuliza.

Nikatoka. Nikarudi nikashika tena lile la kioo, nikatoka tena. Nilizunguka hivyo mchana kutwa kwa ajili ya kitu ambacho ni mabati tu na skrubu.

Ijumaa nikaona kwenye simu tangazo la kasha lililotumika, huko Gatongora, Ruiru. Nikaenda hata chai sijanywa.

Mama mmoja wa makamo alinifungulia geti. Kasha lilikuwa refu, jeusi, kando ya kochi, juu yake kitambaa cha kufuma na kopo la maua. Nikapima. Kadi ingeingia na nafasi ibaki.

“Nalichukua,” nikasema, kabla hata sijanyooka.

Mumewe akatoka chumbani akiburuta mguu, mkono mmoja umekunjwa kifuani.

“Nani amesema linauzwa?”

“Baba, si tuliongea?” mkewe akamwambia.

“Uliongea wewe.”

Nilitamani kuondoka, na nilitamani lile kasha, hivyo nikabaki nimesimama katikati ya sebule ya watu. Mzee akanieleza, maneno yakimtoka moja moja, kwamba aliiunda mashine hiyo kabla ya kiharusi. Stima ilirudi kwa nguvu ikaunguza bodi. Alipanga kuitengeneza mkono ukipona.

“Mkono umekataa, Baba,” mkewe akasema kwa sauti ya chini. “Na unashinda ukiiangalia tu.”

Mzee akakaa. Akaniuliza nalitakia nini. Nikamweleza kuhusu meza, wageni wa mahari, na shosho na chai yake. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

“Lete bisibisi,” akamwambia mkewe. “Atoe vitu vyangu hapa, nikiona.”

Nikapiga magoti. Niliharakisha mno, skrubu ikaniponyoka ikaingia chini ya kochi.

“Polepole, kijana. Anza na hiyo ya juu.”

Nilipomaliza, akaomba bodi iliyoungua niiweke mapajani mwake. Akaipangusa vumbi kwa kiganja cha mkono mzima, huku na huku. Mkewe akaingia jikoni ghafla. Nikasikia maji yakitiririka kwenye sinki, muda mrefu, wala hakukuwa na chombo kilichogongana.

Jumamosi mambo ya dadangu yalienda vizuri. Wageni walikula, wakajadiliana, wakacheka. Mimi sikutulia. Kila baada ya muda nilichomoka hadi chumbani kwangu nikaguse ubavu wa kasha, sasa kompyuta yangu ikiwa ndani, nione kama linapata moto, kisha nirudi kugawa soda.

Jumapili mama wa Gatongora akanipigia. Kabla sijamsalimia vizuri akampa mumewe simu.

“Lina joto?” mzee akauliza.

“Hapana, mzee. Hewa inapita.”

“Sawa. Ile bodi nimemwambia mama aitupe.”

Nyuma yake nikasikia sauti ya mkewe: “Na mimi nimekuambia sitaitupa.”