Ijumaa Niliyokuwa Hewani

Mwaka mmoja baada ya Uhuru nilikwenda Ulaya kushika kamba za puto. Nikisimulia hivyo watu hucheka, na wa kwanza kucheka alikuwa ba'mdogo wangu, ndugu wa marehemu baba.

"Mtu mzima," alisema, "unapanda ndege kwenda kumshikia Mzungu tiara la watoto?"

"Si tiara, ba'mdogo. Ni puto. Linabeba watu."

"Haya, tiara la watu. Na harusi je?"

Hapo ndipo penye shida. Dada yangu alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja wa Kwale, na ndoa ilipangwa kufungwa Ijumaa ya mwezi wa Shaaban, kabla ya mfungo. Tulikuwa tumekwisha iahirisha mara moja kwa ajili ya msiba. Mama wa bwana harusi, mwanamke wa Vanga asiyemung'unya maneno, alituma kusema kwamba yeye hangoji tena. Na baba yetu alikuwa amefariki, babu pia, kwa hiyo wali wa dada, yaani mwanamume wa kutamka maneno ya kumwoza, nilikuwa mimi kaka yake mkubwa.

"Basi niachie wakala," alisema ba'mdogo. "Ukichelewa, nitamwoza mimi kwa niaba yako."

"Sitachelewa. Nitarudi Jumatano. Nitamwoza kwa mdomo wangu mwenyewe."

Alijua kwa nini nilimkatalia. Mama alitangulia, baba akamfuata hata mwaka haujaisha, nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la nne. Baada ya khitma ya baba, ba'mdogo alikuja kutugawa: dada aende Vanga kwake akasaidie kazi za nyumba, wadogo zangu wawili waende Kikoneni kwa wajomba, nami nitafutiwe kibarua shambani. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo mayatima walivyokuwa wakifanywa. Mimi nilikaa mlangoni nikasema hatoki mtu. Nikaacha shule, nikaenda kushona vifungo kwenye baraza la duka moja Msambweni, nikapanda hadi cherehani. Dada alisoma, na wadogo wakasoma. Siku ya kumwoza dada niliingoja miaka kumi na moja kama mtu anayengoja kutua mzigo, na sikutaka wa kunisaidia kuutua.

Sasa puto. Lilinijia likiwa limechanika. Mwenyewe alikuwa mpimaji wa ardhi aliyepanga nyumba Diani, akizungumza Kiswahili cha bara, cha kukata maneno. Alikuwa amelirusha kutoka kiwanja cha nyuma ya pwani, kaskazi ikalisukuma juu ya Ukunda na kuzidi, likaangukia kwenye miiba karibu na Kikoneni. Alikuja na kitambaa nyuma ya Landrova na kukimwaga mbele yangu. Kilijaa baraza lote, kikafunika ngazi, kikatokeza barabarani, mpaka mwenye duka akalalamika kwamba wateja hawauoni mlango. Nilikishona siku tisa, mshono wa kukunja mara mbili, uzi nimeupaka nta. Alipokuja kukichukua aliinua kila mshono kwenye mwanga, akaupuliza, akatega shavu upande wa pili kusikia kama pumzi inapenya.

"Fundi," alisema, "Desemba kuna tamasha la maputo kwetu, milimani. Twende. Likichanika huko sitaki mkono mwingine uliguse."

Dada alinifulia shati mbili, akanikunjia. "Nenda," alisema. Hakusema zaidi.

Kijiji tulichofikia kilikuwa kimekaa ndani ya milima kama kitu kilichodondoshwa kikaachwa. Theluji ilikuwa hadi magotini. Maputo kumi na mawili yalilala ndani ya mifuko yao kwenye uwanja, kama magunia ya mbata yanayongoja lori. Kila asubuhi, jua halijatoka, mwenye kusimamia tamasha alikwenda katikati ya uwanja, akatazama kitambaa kilichofungwa juu ya mti, kisha akapandisha bendera nyekundu. Maana yake: upepo ni mkali, leo hakuna anayeruka. Watu walirudi ndani kunywa kahawa.

Siku ya kwanza niliona ni jambo la kawaida. Ya pili nikaanza kutembea. Nilitembea kutoka nyumba tuliyolala hadi uwanjani, kutoka uwanjani hadi stesheni ya treni, nikasoma saa za treni ambazo nilikwisha zijua, nikarudi. Nilishona mishono isiyotaka kushonwa. Kila kundi lilitakiwa kupandisha bendera ya nchi ya kila mwanachama wake, na ya kwetu hawakuwa nayo, basi nikaomba vitambaa nikaishona. Kwa kuwa mwaka uliotangulia nilikuwa nimeshona bendera nyingi kuliko kanzu, haikunichukua hata saa mbili, nami nilikuwa na siku nzima. Nikarudi kutembea. Huku nikitembea nilikuwa nikiyasema maneno ya ndoa taratibu, jina la dada, jina la bwana harusi, mahari, nisije nikababaika mbele ya watu.

Tamasha lilikuwa liishe Jumapili. Jumatatu jioni nipande treni, Jumanne ndege, Jumatano Mombasa. Jumapili ikafika, bendera nyekundu ikapanda. Wasimamizi wakakutana, wakatangaza kwamba wataongeza siku hadi Ijumaa.

Mpimaji alinikuta nimekaa kitandani na sanduku langu limefungwa. Sheria ilikuwa kwamba puto haliruhusiwi kujazwa bila watu wanne wa kulishika. Sisi tulikuwa yeye, mkewe, shemeji yake na mimi. Nikiondoka, wanabaki watatu, na puto linafutwa.

Hakunibembeleza. Aliiweka tikiti yangu mezani. "Ni yako, fundi. Ukienda sitakuwa na neno. Najua una harusi."

Heri angenibembeleza, ningepata wa kumkasirikia. Nilikaa na ile tikiti mbele yangu mpaka chakula cha mchana kikapita. Nimewaambia watu wengi kwamba nilibaki kwa ajili ya uungwana, kwa kuwa sikutaka kumwangusha mtu aliyenitoa mbali. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa nimekishona kitambaa kile kwa siku tisa, na nilitaka kukiona kimejaa. Nilitaka kukipanda. Tangu miaka kumi na mitatu sikuwahi kutaka kitu ambacho hakikuwa cha dada wala cha wadogo zangu, na nilipokitaka hiki, kikagongana na siku yake.

Jumatatu treni iliondoka bila mimi. Jumanne asubuhi, bendera nyekundu ilipokwisha panda, nilikwenda posta nikapeleka simu ya maandishi kwa ba'mdogo, aliyekuwa kwetu Msambweni kwa ajili ya harusi: nimekuwakilisha, umwoze dada Ijumaa, unisamehe. Karani hakuelewa neno hata moja, akaninakilia herufi moja moja kwa uangalifu. Niliposikia amegonga muhuri nilidhani nitatulia. Sikutulia. Nilianza kuihesabu ile simu njiani: leo iko Nairobi, kesho iko Mombasa, kesho kutwa nani ataipeleka Msambweni?

Alhamisi mzee mmoja mwenye karakana ya kushona maputo alipita akaipapasa mishono yangu, kisha akaniuliza kitu. Mpimaji akanifasiria.

"Anauliza kama ungependa kukaa ufanye kazi kwake. Ana vyumba juu ya karakana."

"Mwambie nitafikiri."

Sijui kwa nini sikusema hapana. Nilikuwa tayari nimekwisha vunja ahadi moja, na mtu akishavunja moja, ya pili huwa nyepesi mkononi.

Ijumaa kitambaa cha juu ya mti kilining'inia kimya. Bendera haikupanda. Watu walitoka wakikimbia. Tulilitandaza puto juu ya theluji, mimi na shemeji tukaushika mdomo wake wazi, mpimaji akawasha moto wa gesi, likaanza kupumua. Liliinuka taratibu, tumbo kwanza, nikaiona mishono yangu ikikazana mmoja baada ya mwingine. Hakuna uliofumuka. Lilipokwisha simama, mke wa mpimaji alinishika bega akanisukuma kwenye kikapu. Wakati wa kujaza ndipo wanne walipotakiwa. Kuruka walitosha wawili.

Kupaa sikukusikia. Niliona tu kwamba watu wamekuwa wafupi. Kisha paa za nyumba, kisha mnara wa kanisa, kisha milima ikawa mbele yetu badala ya juu yetu. Hakukuwa na upepo usoni kwa sababu tulikuwa tukienda pamoja nao. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, na bado sikuweza kukitazama. Nilikuwa nikitazama saa ya mpimaji. Ilikuwa saa tano asubuhi. Kwetu ni saa saba, watu wametoka kwenye swala, bwana harusi amekaa mkekani, na kama simu yangu haikufika, hakuna wa kumpa mkono.

Nikaanza kusema. "Nimekuoza dada yangu..." Moto ukanguruma juu ya kichwa changu, sauti ikapotea. Nikangoja. "Nimekuoza dada yangu..." Moto tena.

"Fundi, unasema nini?"

"Namwoza dada yangu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi ndiyo wakati wake."

Alinitazama, kisha akaondoa mkono kwenye koki ya moto. Kukawa na kimya nisichopata kukisikia mahali pengine. "Basi sema upesi," alisema, "maana tunashuka."

Nikasema yote, jina la dada, jina la mume, mahari, mara moja bila kubabaika, huku miti ikitujia kutoka chini. Nilijua vizuri kwamba haikuwa na maana kisheria. Nilipomaliza aliuwasha moto, na kikapu kikapita juu ya vilele vya miti kwa urefu wa mtu.

Mzee wa karakana nilimwambia siku iliyofuata kwamba ninakwenda nyumbani. Hata hivyo ndege iliyopatikana ilinifikisha Mombasa Alhamisi. Kutoka kivukoni hadi Msambweni sikumsemesha mtu. Ba'mdogo nilimkuta kibarazani kwetu, karatasi ya simu iko mkononi.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba. Wakala wako huu, umefika Jumatatu. Jumamosi ilikuwa sikukuu ya Jamhuri, Jumapili posta imefungwa. Umefika biriani imeshageuka mavi."

"Harusi haikuwa?"

"Ikawaje isiwe? Wewe umekuwa nani?" Alicheka, lakini si sana. "Keti nikwambie. Mwanamume amekaa, kadhi amekaa, watu wote shingo zao barabarani wanakutazamia. Nami nikasimama. Nikasema, wali hayupo, mimi ni ami yake, basi ni mimi. Kadhi akanitazama hivi, juu ya miwani. Akasema, mzee, huyu wali amekufa? Nikasema hajakufa, kaenda kurushwa huko Ulaya. Akasema, angekufa ingekuwa zamu yako. Wali akiwa safari ya mbali, anayeoza ni hakimu, nami ndiye. Keti. Nikaketi! Akamwoza yeye mwenyewe, dakika tano, watu wakaletewa sinia."

"Kwa hiyo wakala wangu..."

"Haukutakiwa. Wala wangu, wala wako. Tumegombania mimi na wewe kitu ambacho kadhi alikuwa nacho mfukoni."

Nilikiacha chuo cha Kurani siku ile ile nilipoiacha shule, kabla ya kufika kwenye mambo hayo. Ba'mdogo alisoma zaidi yangu, naye hakuyajua.

Nilipanda Kwale kesho yake. Dada alitoka mlangoni mwa nyumba ya mumewe, hina haijafutika mikononi, akanipokea mkoba kabla ya salamu. Sikuwa na la kumwambia ila lile moja.

"Nisamehe, dada. Nilidhani bila mimi haifungwi. Sikujua habari ya kadhi."

"Mimi nilijua."

"Ulijua lini?"

"Kabla hujachukua pasipoti. Nilimuuliza mwalimu wa chuo. Nilijua utang'ang'ania usimwachie ba'mdogo, nikaogopa."

"Na ukaniacha niende nikahangaike? Nimekonda, dada. Sikulala."

"Kaka," alisema, na sauti yake haikuwa ya kuomba radhi, "vijana wangapi wa hapa wamepanda meli Kilindini wakasema wanarudi? Ungejua kwamba harusi inakwenda bila wewe, ungerudi?"

Nikaona vile vyumba juu ya karakana.

Shemeji alitoka, akanisalimu kwa heshima kama mkwewe, tukala mchana. Nilipomaliza nilinawa, nikatafuta kofia yangu, nikasimama kama nilivyozoea kusimama kila mahali kwa miaka yote ile, kwa kuwa siku zote kulikuwa na kitu cha kuwahi.

"Unakwenda wapi?" aliuliza dada.

Nilifikiri. Wadogo zangu walikuwa Kikoneni kwa wajomba, likizoni. Barazani sikutazamiwa mpaka Jumatatu. Nilimtafuta mtu wa kumwendea, nikamkosa.

"Chai bado," alisema. "Kaa."

Nikakaa.