Mabishano Juu ya Mrushaji wa Akiba

Ahimidiwe Mungu aliyetufikisha salama. Juzi, baada ya ibada, vijana walibishania mpira, nikaona mtoto mmoja akiziba masikio. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu huko Etobicoke, Kanada.

Nyumba ilinukia ndagala, wale dagaa wa kwetu, waliokaangwa. Kwenye televisheni ulikuwepo ule mpira wa Kanada wa kushikwa mikononi; mrushaji mkuu wa timu ya mjini, anayewarushia wenzake mpira, alikuwa ameumia, akaingia yule wa akiba.

“Huyu atatumaliza!” Baba alifoka.

“Shemeji, acha woga! Ataweza!” Mjomba alijibu, akigonga meza.

Kule Burundi tulikotoka, wanaume wakipaza sauti hivyo, watoto tulivaa viatu tayari kukimbia. Nilimvalisha mdogo wangu viatu, nikamshusha hadi chumba cha kufulia, tukajibanza nyuma ya mashine zilizonguruma. Niliamini vita vimetufuata Kanada.

Baba alipotupata, alitazama viatu vyetu, akakaa sakafuni. Kisha akaniambia mimi bintiye, “Ni mpira tu, mama.”

Alitupandisha juu, akanipakata. Muda wote wa mchezo uliobaki, yeye na Mjomba walibishana kwa kunong'ona.

“Hataweza, shemeji.”

“Ataweza, nakwambia.”

Nikasinzia. Nawe unayesoma, Mungu akujalie usingizi kama ule.