Theluji ya Kiti cha Casimir

Theluji ikianguka mjini Buffalo, Marekani, kabla ya mechi ya futiboli ya Kimarekani, mashabiki hubeba mabeleshi wakaenda kufukua viti vya uwanja. Bernadette Kosinski, mjane wa miaka sabini na mmoja, hakukosa hata mara moja. Wanawe walimkataza mpaka wakachoka. Kiti kimoja hakumwachia mtu: cha marehemu mumewe, Casimir.

Casimir alimpenda Deshon Prewitt, mdakaji wa pasi wa pembeni katika timu ya Buffalo, asiye na makuu. Wenzake wakifunga hucheza ngoma na kujipiga kifua. Prewitt akifunga humkabidhi mwamuzi mpira, akarudi zake benchi kama mtu aliyetoka kutupa taka. Saratani ilipokwisha kumnyang'anya Casimir sauti, kila Prewitt alipokabidhi mpira kwenye televisheni, Casimir aliinua kidole gumba pale kitandani, akatabasamu. Hakukuwa na kingine cha kumfanya atabasamu. Tangu hapo Bernadette alikuwa na neno moja tu la kumwambia Prewitt: asante.

Jumamosi moja ya Januari alimkuta jamaa mrefu, kofia mpaka kwenye nyusi, skafu mpaka puani, akitupa theluji kwenye safu ya chini ambayo wenzake walishaisafisha.

"We baba, umezaliwa Florida kwenye joto? Theluji inashushwa kwenye ule mfereji. Usimrudishie mwenzio kazi."

Jamaa akaomba radhi, akainama. Wakafukua pamoja hadi kwenye kiti cha Casimir. Alipovua glavu apulize vidole, kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda kama ndoano. Alisema ni ajali ya kazini. Mazungumzo yakaingia kwenye mpira, na mdomo wa Bernadette hauna breki.

"Prewitt naye amekwisha. Jumapili iliyopita mpira umemtoka kama sabuni. Angekuwa mwanangu ningemwambia, pumzika baba, kabla hawajakuzomea."

Jamaa alivaa tena glavu.

"Labda ni kweli, mama," akasema, akamalizia kufuta kiti kwa mkono wa koti.

Jumatatu Prewitt alitangaza kwenye televisheni kwamba anaacha mpira. Hakusema mengi. Aliwashukuru wapishi na wafua jezi, kisha akafuta machozi kwa kidole kilichopinda kama ndoano.

Moyo wa Bernadette ulivunjika palepale. Alimpigia simu binti yake, naye akidhani mama analilia mchezaji, akaanza kumbembeleza.

"Miaka sita namtafuta nimpe asante ya baba yako," Bernadette akasema. "Nimempata. Nikamwambia amekwisha."