Kiti cha Mke wa Kwanza

Katika gari la zamani la mume wangu, kiti cha pembeni ya dereva kilikuwa kimebonyea. Mikanda ya mpira iliyokishikilia chini ililegezwa na marehemu mke wake wa kwanza. Mutu amezikwa, matako yake yamebaki garini, na mimi kila safari nazama humo.

Nikanunua sokoni Birere mpira wa ndani wa tairi la lori, tukaukata mikanda mipya. Mimi nilivuta kwa nguvu zangu zote, mume wangu akafunga, mpaka kiti kikanyooka kama meza.

Alikikalia kukijaribu. Kisha akaanza kufungua mafundo.

“Tulegeze kidogo, mama. Haikukuwaka hivi zamani.”

Jumapili alienda misa na gari lake. Mimi nilipanda pikipiki.